RELI NDOGO BUSTANINI: NJIA KWANZA, INJINI BAADAYE

Wako watu wengi waliolelewa karibu na stesheni, wakazoea kusikia filimbi ya gari la moshi usiku, na mapenzi hayo hayakuwatoka hata walipokuwa watu wazima. Katika nchi kama Uingereza, Ujerumani na Marekani, watu wa namna hiyo hujenga reli ndogo katika bustani zao, yenye madaraja, stesheni na mabehewa yaliyo mfano wa yale makubwa. Kazi hii huwafurahisha watoto, lakini si ya watoto peke yao. Mjenzi hujifunza kupima ardhi, kuongoza maji ya mvua, kuunga nyaya za umeme na kuwa na subira.

Kosa la wanaoanza ni moja. Hununua injini kwanza, kwa akiba ya miezi mingi, kisha huitandikia njia juu ya majani jioni ile ile. Mvua ya kwanza ikinyesha, udongo hutitia upande mmoja, na injini ile ya thamani huanguka na kuvunjika. Basi somo letu la juma hili lafuata mpango wa wahandisi wenyewe: njia kwanza, injini baadaye.

Upana wa njia

Reli nyingi za bustani zina upana wa milimita 45 kutoka reli moja hadi ya pili. Upana huu ni wa tangu zamani, lakini ulienea sana baada ya mwaka 1968, kiwanda cha Lehmann cha mjini Nuremberg, Ujerumani, kilipoanza kuuza magari yaitwayo LGB, yaliyotengenezwa kustahimili jua na mvua.

Magari hayo ni mfano wa magari ya kweli yaliyopunguzwa mara 22.5. Ukizidisha milimita 45 kwa 22.5, utapata milimita 1,012, yaani karibu mita moja kamili. Sasa kumbuka kwamba reli ya zamani ya Kenya na Uganda ina upana wa mita moja. Kwa hiyo mtu wa Nairobi au Nakuru akitandika njia hii, ametandika mfano halisi wa reli ya nchi yake.

Ikiwa wapenda reli mpya ya kutoka Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017 na yenye upana wa milimita 1,435, njia ni hiyo hiyo, lakini yakupasa kuchagua magari yaliyopunguzwa mara 32. Usichanganye vipimo hivi viwili katika gari moja la moshi, kwani behewa la abiria litaonekana dogo mbele ya behewa la mizigo, na uzuri wote utapotea.

Kupima mahali

Usinunue kitu kabla ya kuchora. Chukua karatasi, uchore kiwanja, miti, mfereji na mlango wa nyumba. Kisha tandaza kamba juu ya ardhi katika umbo unalolitaka, uitazame kwa siku kadhaa. Je, watu hupita wapi wakienda kuanika nguo? Maji ya mvua hutuama wapi?

Jambo kubwa hapa ni kona. Kona ndogo inayouzwa madukani ina sentimita 60 tangu katikati ya duara hadi njia, na vipande vyake 12 hutimiza duara zima. Injini fupi huipita, lakini magurudumu hukwaruza reli na kulika upesi, na injini ndefu haipiti kabisa. Ukiweza, jenga kona ya mita 1.2 au zaidi.

Tufanye hesabu. Duara la kona ya mita 1.2 lina urefu wa mita 7.5. Likate katikati, kisha ongeza njia mbili zilizonyooka za mita 3 kila moja. Jumla ni mita 13.5. Ukiacha nafasi ya sentimita 30 pande zote, kiwanja cha mita 3 kwa mita 6 chatosha. Hilo si shamba kubwa.

Atakaye kuwa na mfano wa injini kubwa na ajue mapema shida yake. Injini za Garratt za aina ya 59, zilizojengwa Manchester na kuletwa huku kuanzia mwaka 1955, zilikuwa na uzito wa tani 252 na urefu wa zaidi ya mita 31. Nambari 5918, iitwayo Mount Gelai, ingali yaonekana katika Jumba la Makumbusho la Reli, Nairobi. Mfano wake uliopunguzwa mara 22.5 una urefu wa karibu mita 1.4. Ile ya kweli iliweza kupinda konani kwa sababu ilikuwa na seti mbili za magurudumu ya kuvuta, moja mbele na moja nyuma, na boila ikaning'inia katikati. Hata hivyo, mfano wa namna hiyo haufai kwa kona ya sentimita 60.

Kupanda na kushuka

Kanuni ni hii: njia isipande zaidi ya sentimita 2 katika kila mita moja. Injini yaweza kupanda mlima mkali kuliko huo ikiwa peke yake, lakini ikifungiwa mabehewa, magurudumu yatazunguka bure.

Mathalan, wataka njia ipite juu ya njia nyingine kwa daraja la kimo cha sentimita 20. Utahitaji mita 10 za kupanda na mita 10 za kushuka. Kwa hiyo katika njia yetu ya mita 13.5 daraja hilo haliwezekani. Ni afadhali kulijua neno hili kwenye karatasi kuliko kulijua baada ya kununua saruji.

Wahandisi waliojenga reli kutoka Mombasa, mwaka 1896 hadi ilipofika ziwa Victoria mwaka 1901, walilijua vema. Walipofika ukingoni mwa Bonde la Ufa, mteremko ulikuwa mkali mno kwa injini. Kwa muda walishusha vifaa vyao kwa kamba za chuma, mpaka njia ya kudumu ilipokwisha kuchongwa polepole ubavuni mwa mlima. Hawakushindana na mlima; waliuzunguka.

Msingi wa njia

Chimba mtaro wenye upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 15. Jaza kokoto zenye pembe kali, si zile za mviringo za mtoni, kwani za mtoni huteleza na hazishikani. Shindilia vizuri. Juu yake mwaga mawe yaliyosagwa pamoja na vumbi lake, kama yale yapatikanayo kwenye machimbo, kisha nyunyiza maji na ushindilie tena. Tuta liinuke kidogo juu ya udongo wa bustani, ili maji yapite chini bila kuchukua msingi.

Ikiwa udongo wako ni mweusi wa mfinyanzi, ule unaovimba wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi, chimba zaidi uuondoe, ama mimina zege yenye nondo. Udongo huo umepindua kuta za nyumba; hautaihurumia reli ndogo.

Usitegemee mbao katika ardhi, kwani mchwa watazila. Ndiyo sababu mataruma ya chuma yalitumiwa sana katika reli yetu ya zamani. Mataruma ya reli ndogo huwa ya plastiki. Chagua yale yaliyotengenezwa kwa kukaa nje, kwani mengine hukauka juani na kukatika.

Ukisha kutandika, chukua pimamaji uiweke kukingama juu ya reli zote mbili, kila baada ya nusu mita. Reli moja ikiwa chini kuliko mwenzake, inua mataruma na usukume mawe chini yake. Mabehewa mengi huanguka kwa kosa hili, wala si kwa ubovu wa magurudumu.

Wala usiipigilie njia misumari ikakazana kabisa. Reli za shaba ya njano zenye urefu wa mita 10, joto likizidi kwa digrii 30, hurefuka karibu milimita 6. Zisipopata nafasi zitajipinda kama nyoka. Acha mwanya mdogo kwenye viungo, na uiache njia ilale juu ya mawe yake.

Nguvu ya kuendesha

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni umeme upitao katika reli zenyewe. Hapa pana onyo ambalo hapana budi kulishika: umeme wa nyumbani wa volti 240 usitoke nje kamwe. Transfoma ikae ndani, mahali pakavu, na nyaya ziendazo bustanini zichukue umeme mdogo tu, ambao kwa kawaida hauzidi volti 24. Mtoto aweza kufa kwa waya mmoja uliochubuka katika majani yenye umande. Tena umeme wa relini hutaka reli safi. Zisugue kwa kitambaa kigumu cha kusafishia, si kwa msasa mkali, kwani mikwaruzo hushika uchafu.

Ya pili ni betri iliyowekwa ndani ya injini au behewani, na kuongozwa kwa redio. Gharama yake ni kubwa mwanzoni, lakini uchafu wa reli hauizuii.

Ya tatu ni mvuke wa kweli, uchemshwao kwa gesi au spiriti. Hii ndiyo tamu kuliko zote, na ndiyo itakayo adabu zaidi. Tia maji safi ya mvua au yaliyotoneshwa, kwani maji yenye chumvi huacha magamba ndani ya boila. Usiiguse vali ya usalama kwa kutaka nguvu zaidi. Weka ndoo ya maji karibu wakati wa kiangazi, na mtoto asiachwe peke yake na injini yenye moto.

Kuendesha na kutunza

Kabla ya kila safari, tembea njia yote kama afanyavyo mkaguzi wa reli kubwa. Ondoa majani, kokoto na konokono, kwani konokono mmoja aliyepondwa hutosha kuitelezesha injini. Wafukuze kuku, ambao hupekua mawe ya njia kila asubuhi.

Funga mabehewa mazito karibu na injini na mepesi nyuma. Behewa jepesi likiwa mbele ya mazito, litavutwa kukata kona na kuanguka ndani.

Usikimbize. Gari la moshi la kweli liendalo kilomita 30 kwa saa, likipunguzwa mara 22.5, huenda sentimita 37 kwa sekunde. Katika njia yetu ya mita 13.5, mzunguko mmoja wapasa kuchukua kama sekunde 36. Itazame saa. Likimaliza kwa sekunde 10, hilo si gari la moshi tena, ni panya aliyefukuzwa.

Kando ya njia panda mimea yenye majani madogo, uikate mara kwa mara, ili ionekane kama miti mbele ya mabehewa. Baada ya masika, pima njia yote upya kwa pimamaji.

Msomaji, anza kwa injini moja, mabehewa mawili na njia ya mzunguko. Msingi ukiwa mwema, waweza kuongeza stesheni mwaka huu na daraja mwaka ujao. Msingi ukiwa mbaya, kila utakachoongeza kitaanguka pamoja nao. Wahenga walisema kwamba haraka haraka haina baraka, na mjenzi wa reli, iwe ya milimita 45 au ya mita moja, hana mwalimu mwema kuliko neno hilo.