SOMO: CHAMBO NA NJIA ZINAZOFAA ZA KUVUA KAPI



Hapa kwetu Mwala silanga si maji tu. Ni jasho la mwethya. Akina mama na akina baba walichimba kwa jembe na karai, na leo ng'ombe wanakunywa hapo, miche inamwagiliwa na nyumba nyingi zinachota hapo. Basi mtu akisema, "Twende tukavue," tusimwulize kwanza atapata samaki wangapi. Tumwulize: maji yatabaki namna gani baada ya kuvua?

Somo la leo ni juu ya kapi. Samaki huyu anavuliwa sana katika bwawa la Masinga, lililokamilika mwaka 1981 katika mto Tana. Pengine hufugwa pia kwenye vidimbwi.

1. TUMJUE KAPI ANAVYOKULA

Kapi ana masharubu manne mafupi kando ya mdomo. Kwa masharubu hayo anapapasa na kuonja chakula kwenye matope. Hana meno mdomoni. Meno yake yako kooni, na yanaweza kusaga konokono au punje ya mahindi. Anafyonza matope, anabakisha chakula, anatema takataka. Anakula kidogo kidogo, na hupenda zaidi maji yakiwa na joto.

Hapo tunajifunza mambo mawili. La kwanza, chambo chake lazima kikae chini na kiwe na harufu. La pili, kapi wakiwa wengi wanachafua maji kwa kuchimbachimba. Kwa hiyo kumvua ni kusaidia silanga, lakini kumbeba akiwa hai na kumtia katika silanga nyingine ni kupeleka shida kwa jirani. Tazameni ziwa Naivasha. Kapi walionekana huko mwaka 2001, na inaaminika waliletwa na mafuriko ya mto Malewa kutoka vidimbwi vya juu. Miaka kumi baadaye, wengi wa samaki waliovuliwa ziwani humo walikuwa kapi.

2. KUCHAGUA CHAMBO

Chambo kisitoke kwenye sufuria ya watoto. Tutumie kidogo, na tutumie mabaki.

(a) Mahindi. Loweka punje usiku mmoja, zichemshe mpaka ziwe laini bila kupasuka, halafu ziache siku moja zichache kidogo. Harufu hiyo inamvuta kapi. Punje moja au mbili zinatosha ndoano moja. Mahali penye ngege wadogo wengi, mahindi ni bora kuliko minyoo, kwa maana ngege hawawezi kuyamaliza upesi.

(b) Ugali. Chukua kiporo kigumu, ukande mpaka unate, ufanye donge kama punje ya haragwe. Ukiwa laini mno utayeyuka kabla samaki hajafika.

(c) Nyungunyungu, yaani ile minyoo ya udongo. Wanafaa sana mvua ikianza, wakati maji yanapowasomba kutoka shambani. Lakini kambare na ngege nao wanawapenda, kwa hiyo usishangae ukipata samaki mwingine.

(d) Kiazi kitamu kilichochemshwa, kikatwe vipande vidogo.

Ili kuwazoesha samaki mahali pamoja, tupa konzi moja ya pumba iliyobaki baada ya kutwanga muthokoi, jioni mbili au tatu mfululizo. Konzi moja tu. Ukimwaga debe zima, pumba itaoza na maji yatanuka.

3. KUTEGA NDOANO

Funga chubwi ndogo kwenye mshipi, shubiri moja juu ya ndoano, ili chambo kilale chini. Ndoano iwe ndogo na kali, na ncha yake isizibwe na chambo. Tega asubuhi mapema au jioni, karibu na majani ya pembeni. Kaa kimya, maana kapi anasikia kishindo cha miguu.

Hapo ndipo wengi wanakosea: mshipi ukitikisika kidogo wanavuta. Kapi anaonja na kutema. Ngoja mpaka mshipi uende moja kwa moja, ndipo uvute. Akiwa mkubwa usishindane naye kwa nguvu. Mwachie kidogo, mrudishe, mpaka achoke.

Usiingie majini. Masinga na mto Athi wana mamba. Hata katika silanga yetu, watoto wasivue bila mtu mzima, kwa sababu matope ya chini yanashika miguu.

4. NJIA ZA KUKATAA

Sumu. Wengine wanaponda majani ya utupa, wengine wanamwaga dawa ya dipu. Ati samaki wote wanaelea kwa saa moja! Ni kweli, lakini maji hayo ndiyo yanayokunywewa na ng'ombe na watoto. Tena sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza kuvua kwa sumu.

Neti ya mbu. Inazoa vifaranga vyote, na dawa iliyo ndani yake inadhuru samaki. Nyumbani nako mtoto analala bila kinga ya malaria.

5. JIKONI

Mweke kapi siku moja katika maji safi ili harufu ya matope ipungue. Ana miiba midogo mingi. Mchanje kwa kisu kila upande, mistari ya karibu karibu, kisha umkaange katika mafuta ya kutosha, nayo miiba itakuwa laini. Hata hivyo, watoto wadogo wachambuliwe kwanza.

6. KAZI YA KIKUNDI

Kabla ya ndoano ya kwanza kuingia majini, kikundi kiandike kanuni: siku za kuvua, idadi ya ndoano kwa kila mtu, na fungu litakaloingia katika sanduku la kikundi kwa kuondoa mchanga na kutengeneza ua. Mwoneni pia afisa wa uvuvi wa kaunti juu ya kibali. Anayevua usiku peke yake anakula jasho la wenzake.

MASWALI YA KUZUNGUMZA

1. Silanga yetu ina samaki gani, na nani aliwaleta?
2. Tunapotupa pumba majini, ni nani nyumbani angeihitaji: kuku, nguruwe au samaki?
3. Tukimkuta mwenzetu ametia sumu, tutafanya nini siku hiyo hiyo ili mtu yeyote asinywe maji yale?