Fundi Aliyeiheshimu Siku ya Bwana

Gari la moshi twalijua sote, lakini mafundi wake wa kwanza twawajua wachache. Mmoja wao ni Timothy Hackworth, aliyezaliwa mwaka 1786 katika kijiji cha Wylam, Uingereza. Alikuwa mhunzi kama baba yake, tena mhubiri wa Wamethodisti. Alipotakiwa kufanya kazi Jumapili kwenye machimbo ya makaa, alikataa, akaiacha kazi ile.

Mwaka 1825 akawekwa kuwa msimamizi wa mitambo ya reli ya Stockton na Darlington, huko Shildon. Mitambo ya kwanza ilipungukiwa na mvuke, hata wenye reli wakafikiri kuwarudia farasi. Ndipo mwaka 1827 Hackworth akaunda Royal George, mtambo wa magurudumu 6 yaliyounganishwa, nao ukavuta mizigo mizito. Lakini mwaka 1829, katika mashindano ya Rainhill, mtambo wake Sans Pareil uliharibika, na tuzo ya pauni 500 ikaenda kwa Rocket.

Je, Mungu alimsahau mtumishi wake? Hasha! Basi sisi tufundishao tusiwaambie watu ya kuwa aishikaye Amri ya Tatu hupata tuzo za dunia. Siku ya Bwana twapewa tulisikie Neno lake, si tuchume faida. Hackworth alirudi Shildon, akaunda mitambo na kuhubiri, hata akafa mwaka 1850. Nasi tushindwapo, turudi kazini vivyo hivyo.