Nitajuaje kinyago ni cha mpingo halisi?

*Dada yangu anaolewa Ujerumani, nami nataka kumpelekea kinyago cha mpingo kutoka Mikumi. Nilichonunua mwaka jana kilitoa rangi mkononi, kisha kikapasuka. Nifanyeje?*
*Msomaji, Kilosa*

Pole, ndugu msomaji. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Mpingo hautoi rangi. Huenda uliuziwa mti mweupe uliopakwa dawa ya viatu. Kabla ya kulipa, sugua kitako cha kinyago kwa kitambaa cheupe chenye maji. Kitambaa kikiwa cheusi, rudisha. Kipime pia mkononi, kwani mpingo ni mzito hata huzama majini. Ukiona mstari wa njano usihofu: hiyo ni sehemu ya nje ya mti, na wachongaji wengi huiacha makusudi kwa uzuri wake.

Kupasuka husababishwa na mti kuchongwa ukiwa mbichi. Nyumba za Ulaya, zinazopashwa joto wakati wa baridi, huukausha zaidi. Chagua kinyago chembamba, na dada asikiweke karibu na hita.

Mpingo umo kwenye mkataba wa CITES, unaodhibiti biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, lakini kazi iliyokamilika isiyozidi kilo 10 kwa mzigo haihitaji kibali cha mkataba huo. Tunza risiti. Pembe za ndovu na ngozi za wanyamapori usiguse kabisa. Ukiletewa, waarifu polisi au askari wa Hifadhi ya Mikumi.

Ukibaki na shaka, nunua kikapu cha milulu cha Iringa: ni chepesi, na hakipasuki.