Dondoo muhimu: Korongo taji kwenye anga jeupe

Eldoret iko mita 2,100 hivi juu ya usawa wa bahari, na mawingu ya msimu wa mvua huko ni pazia jeupe la bure. Mpige picha korongo taji anga likiwa nyuma yake, si miti. Ukiiachia kamera iamue, anga litakuwa la kijivu na ndege atageuka kivuli. Ongeza mwanga kwa hatua moja na nusu, kisha kuza picha ukague shavu lake jeupe: manyoya yakifutika, punguza. Anga kupotea si kosa. Manyoya kupotea ni kosa kubwa. Jicho lionekane wazi. Acha nafasi upande anaotazama. Akiwa kiotani usimsogelee, kwani korongo huyu yumo hatarini kutoweka.