Kufundisha kwa Kulinganisha: Gerimani na Silikoni

Utangulizi

Mwanachuo aulizwapo kipi ni bora, gerimani au silikoni, aghalabu hujibu upesi kuwa silikoni ni bora, kwa kuwa ndiyo itumikayo zaidi katika redio, simu na kompyuta. Jibu hilo lina ukweli, lakini halimfundishi mtoto kufikiri. Kulinganisha vitu viwili pasipo kutaja kazi inayokusudiwa, wala kipimo kitakachotumika, ni kushindanisha majina matupu. Katika makala hii tutaonyesha jinsi ulinganishi huu uwezavyo kufundishwa Mwanza, au popote kandokando ya Ziwa Victoria, kwa kuanzia na vitu ambavyo watoto wanavijua.

Maarifa ampasayo mwalimu

Wanafunzi wa madarasa ya juu wanajua kwamba shaba hupitisha umeme na mpira huuzuia. Baina ya makundi hayo kuna kundi la tatu, yaani vipitishi-nusu, ambavyo mafundi huviita semikondakta. Gerimani na silikoni ni ndugu katika kundi hilo: atomu ya kila moja ina elektroni nne katika tabaka lake la nje. Elektroni hizo zimefungwa mahali pake, na joto huzifungua baadhi yake. Za gerimani hufunguka kwa nguvu ndogo kuliko za silikoni. Tofauti hiyo moja ndiyo mzizi wa mengi tutakayoyaeleza.

Gerimani iligunduliwa mwaka 1886 na mkemia Clemens Winkler, aliyeipa jina la nchi yake, Ujerumani. Transista ya kwanza, iliyoundwa Marekani na John Bardeen na Walter Brattain mwezi Desemba 1947, ilikuwa ya gerimani. Gerimani huyeyuka kwenye nyuzi 938 za Selsiasi, na silikoni kwenye nyuzi 1,414. Kwa hiyo ilikuwa rahisi zaidi kuisafisha gerimani. Transista za silikoni zilianza kuuzwa mwaka 1954. Hata hivyo, redio nyingi ndogo za miaka ya 1960 ziliendelea kutumia gerimani. Redio za transista ziliendeshwa kwa betri, zikaweza kusikilizwa hata vijijini pasipo nguzo za umeme. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya, vikundi vya wananchi kote Tanzania vilijifunza kwa kusikiliza redio.

Kwa nini basi gerimani iliachiwa nafasi ndogo? Sababu kubwa ni tatu.

Kwanza, joto. Kifaa cha gerimani huharibikiwa kazi yake kipatapo nyuzi 80 hivi. Cha silikoni hustahimili hadi nyuzi 150 hivi.

Pili, kutu yake, yaani oksaidi. Oksaidi ya silikoni ni ngumu, huzuia umeme, wala haiyeyuki majini. Hivyo hukilinda kifaa. Oksaidi ya kawaida ya gerimani huyeyuka majini.

Tatu, wingi. Silikoni ni zaidi ya robo ya uzito wa tabaka la juu la dunia. Gerimani hupatikana kidogo kidogo katika madini mengine, mathalani yale ya zinki na shaba ya Kipushi, katika Katanga nchini Kongo.

Lakini gerimani ina sifa yake. Dayodi ya gerimani huanza kupitisha umeme kwa volti 0.2 au 0.3, ilhali ya silikoni hudai volti 0.6 hivi. Ndiyo sababu mafundi waliichagua gerimani ili kunasa mawimbi dhaifu ya redio.

Hatua za somo

1. Waonyeshe wanafunzi miamba ya Mwanza, kama Jiwe la Bismarck, na mchanga wa ufukweni. Eleza kuwa miamba hiyo ya matale ina kwatzi, ambayo ni silikoni iliyoungana na oksijeni. Mwalimu ajihadhari asiseme kuwa mchanga ni silikoni. Ili kuipata silikoni, kwatzi huchomwa pamoja na kaboni katika tanuri kali, kisha husafishwa sana.

2. Unganisha betri ya volti 1.5, rezista ya omu 1,000 na dayodi ya gerimani. Pima volti kati ya ncha mbili za dayodi. Rudia kwa dayodi ya silikoni. Wanafunzi waandike tarakimu zote mbili.

3. Geuza dayodi ili izuie umeme, na weka rezista ya omu 100,000. Pima volti za rezista kwa mita ya tarakimu. Gerimani itaonyesha umeme kidogo unaovuja. Silikoni karibu sifuri. Sasa mwanafunzi aibane dayodi ya gerimani kwa vidole vyake vyenye joto, na wote waitazame mita ikipanda.

Umeme wa nyumbani usitumiwe kabisa katika majaribio haya.

4. Uliza: paneli ya jua inayochaji taa za wavuvi wa dagaa hushinda juani mchana kutwa. Je, ingefaa itengenezwe kwa kitu kisichostahimili joto? Wanafunzi watajibu kwa ushahidi wa mita, si kwa kukariri maneno ya mwalimu.

Hitimisho

Mwanafunzi akimaliza somo hili akasema tu kwamba silikoni imeshinda, somo halijafaulu. Akiuliza, "Bora kwa kazi gani?", limefaulu, na swali hilo litamfaa pia atakapochagua mbegu, nyavu au dawa.

Maswali ya kujadili

1. Kama gerimani ingekuwa nyingi kama mchanga, je, silikoni bado ingechaguliwa? Toa sababu.

2. Tunga ulinganishi mwingine wa vitu viwili vya mazingira yako, ukitaja kazi na kipimo.