Picha ya Kipepeo Mkubwa wa Afrika

Kipepeo aliye mkubwa kuliko wote katika Afrika huitwa na wataalamu Papilio antimachus. Mbawa za dume zikikunjuliwa huweza kufika inchi 8 au 9 toka ncha hata ncha. Ni ndefu na nyembamba, zenye rangi ya machungwa na mabaka meusi. Makao yake ni misitu minene, tangu Sierra Leone hata Congo na magharibi ya Uganda. Jike hushinda juu vileleni mwa miti, wala haonekani ila kwa nadra. Dume hushuka kunywa maji penye tope.

Katika miaka ya 1770, Henry Smeathman alikusanya wadudu wengi Sierra Leone, akampelekea Dru Drury, mfua fedha wa London. Mmoja wao alikuwa kipepeo huyo. Mwaka 1782 Drury alitoa picha yake katika juzuu ya tatu ya kitabu chake cha wadudu.

Kuchapa picha siku hizo kulitaka subira. Fundi alichora mistari juu ya bamba la shaba kwa chuma chenye ncha kali. Kisha wino ulipakwa ukajaa mistarini, uso wa bamba ukapanguswa, na karatasi ikakandamizwa juu yake. Mwisho, kila nakala ilitiwa rangi kwa mkono. Mchoraji wa Drury alikuwa Moses Harris, naye mwenyewe alikuwa mjuzi wa wadudu.

Ilipita miaka 80 hivi kabla wataalamu wa Ulaya hawajapata kipepeo wa pili wa aina hiyo. Muda huo picha ile ilikuwa shahidi wao. Kama mchoraji angalitia urembo wa kubuni, ushahidi wake ungaliharibika. Wakazi wa misitu ile walikuwa wakiishi karibu na kipepeo huyo, lakini ujuzi usioandikwa haufiki mbali.

Basi, mwalimu akiwapeleka watoto shambani, na awaagize kumchora mdudu kama alivyo, bila kuongeza wala kupunguza. Chini ya picha waandike kipimo chake, mahali, tarehe, na jina lake kwa lugha ya nyumbani. Lakini wakumbuke pia kwamba kipepeo wa msituni hawezi kuishi msitu ukikatwa, wala hakuna picha iwezayo kumrudisha.