Somo la Kiingereza: Neno Dogo Katika Barua ya Kikundi



Wengi wetu hapa Amukura tunaongea Kiteso nyumbani na Kiswahili sokoni. Lakini ikifika barua ya kuomba mkopo, mara nyingi tunaandika Kiingereza. Hapo ndipo maneno madogo, yaani vihusishi, hutuangusha. Sababu ni hii: neno moja letu hufanya kazi ya maneno kadhaa ya Kiingereza.

1. Mahali. Sisi tunasema ofisini, mezani, mpakani; "-ni" ni ile ile. Kiingereza hutenganisha. Ndani ya kitu ni "in the office". Juu ya kitu ni "on the table". Ukitaja mahali tu ni "at the border".

2. Wakati. Saa huchukua "at", siku na tarehe "on", mwezi na mwaka "in". Mkutano wa Jumatatu saa nane mchana ni "on Monday at 2 p.m." Wa mwezi wa Juni ni "in June".

3. "Kwa". Kwenda kwa baisikeli ni "by bicycle". Kulima kwa jembe ni "with a hoe". Kuuza kuku kwa shilingi 500 ni "for 500 shillings".

4. Risiti. Mweka hazina, hapa uwe macho! Pesa ikitoka kwa mtu ni "received from". Ikienda kwake ni "paid to". Ukikosea, mwenye kudai anageuka mdaiwa.

5. "Mpaka". Tukisema, "Tutalipa mpaka tarehe 30 Juni," tunaweza kuandika "We shall pay until 30 June". Maana yake tutaendelea kulipa, na siku hiyo tutaacha, hata kama deni halijaisha. Kama tunaahidi kwamba siku hiyo haitapita kabla hatujamaliza, tuandike "We shall finish paying by 30 June".

Basi, jamani, kabla ya kutia sahihi, barua isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kila kihusishi kielezwe kwa Kiswahili au Kiteso. Sahihi ni ya mwenyekiti, lakini deni ni letu sote.

Zoezi. Jazeni pengo:
(a) We met ___ Tuesday.
(b) The meeting began ___ 10 o'clock.
(c) We bought the goat ___ 4,000 shillings.

Majibu: (a) on, (b) at, (c) for.